Mashati ya Watoto Usiyachemshe Tena

Doha, Jumapili jioni

Mpenzi wangu Baba Saru,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto wetu wawili. Mko wazima? Kifua cha Saru kimepoa? Na mvua je, imefika huko Kasigau, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimewakumbuka mpaka nawaota.

Barua hii inakuja na Mkamburi, yule msichana wa Miasenyi ninayefanya naye kazi ya kufua hapa hotelini. Anakuja likizo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu wewe unageuza kila kitu kuwa mzaha. Juzi uliponisimulia habari za ndovu ulikuwa ukicheka: eti umeenda kutafuta kuni za kuchemshia mashati ya shule, ukakutana na ndovu jike na mtoto wake, ukatupa kuni na panga, ukaparamia mwamba kama tumbili. Mimi sikucheka, Baba Saru. Ningeambiwa nini? Kwamba mume wangu ameuawa kwa ajili ya kola za mashati?

Sasa sikiliza yaliyotupata hapa. Chumba chetu cha kufulia kiko chini ya jengo na hakina dirisha. Mashine zote zilikuwa zikifua kwa maji yanayokaribia kuchemka, na joto lake ni kama uko ndani ya sufuria. Siku moja Mkamburi alikuwa amebeba kapu la taulo, nikamwona anayumba, kisha akaanguka kifudifudi. Tukamtoa nje tukampepea. Alipozinduka alinishika mkono akasema, "Dada Mghoi, usimwambie mama." (Na wewe usimwambie mama yake, tafadhali.)

Msimamizi wetu ni Luz, mama Mfilipino asiye na maneno mengi. Kesho yake alipunguza joto la maji kwenye mashine zote. Mimi ndiye niliyebisha.

"Luz, weupe wa mashuka utatoka wapi?"

"Mtu amelala usiku mmoja tu," akasema. "Ana uchafu gani wa kuchemshwa? Iache sabuni ifanye kazi yake."

Nikangoja wageni walalamike. Hakuna aliyelalamika. Mashuka yanatoka meupe vilevile na hayachakai upesi, na sisi tunapumua. Nguo za mgonjwa na vitambaa vya jikoni ndivyo tunavyofua kwa maji moto hadi leo. Luz alinieleza kwamba umeme mwingi wa mashine unaishia kupasha maji, kuzunguka kwenyewe hakuli sana. Na umeme wa huku unatoka kwa gesi inayochomwa, moshi wake unaenda kwenye hewa hii hii inayozidi kupata joto. Nikaufikiria mlima wetu. Tulipooana, kuni nilikuwa naokota nyuma ya shule. Leo wewe unazifuata mpaka kwa ndovu. Tukimaliza miti hiyo inayotuvutia mvua kwa kuchemsha nguo, hayo maji ya kufulia tutayatoa wapi?

Kwa hivyo fanya hivi. Ule udongo mwekundu uache ukauke kwanza, uukung'ute kwa brashi. Loweka mashati kwa maji baridi na sabuni, kola uzisugue kwa mkono, halafu uanike juani. Jua letu si la mchezo. Najua mama yako atasema nguo isiyochemshwa haijafuliwa. Usibishane naye. Mfulie leso yake moja hivyo, umwachie ajionee.

Msalimie sana huyo mama yangu mkwe. Msalimie kaka yangu Mwakio, fundi wa pikipiki pale Voi, ambaye Mkamburi atamwachia barua hii akuletee, na shangazi yako anayeimba kwaya, mwambie aniombee.

Jambo moja bado. Lile shati lako la bluu nililoondoka nalo sikuwa nimelifua tangu nifike. Nilikuwa nalala nalo chini ya mto. Majuzi nimelinusa nikakuta harufu yako imekwisha, linanuka chumba tu. Basi nimelifua, kwa maji baridi, nikalia kidogo. Mkamburi atarudi huku likizo yake ikiisha. Mpe shati lingine aniletee.

Hilo usilifue kabisa.

Mkeo akupendaye,
Mghoi, Mama Saru