Grisi Kwenye Maganda ya Mzee Walter

Fairfax, Jumanne, Oktoba 2003

Hata hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Mzee Walter, ninayemtunza tangu Aprili, hujitengenezea risasi za kulenga shabaha. Maganda yaliyokwisha kupigwa huyapaka grisi ili yasikwame kwenye mashine ya kuyarudishia umbo, halafu grisi yote lazima ifutwe kabla ya kutia baruti. Ikibaki, ganda linateleza ndani ya bunduki na nguvu ya mlipuko inarudi nyuma kwa mpigaji.

Kisukari kimemtia ganzi vidoleni, kwa hiyo leo nilifuta mimi. Maganda hamsini, mbio mbio, macho kwenye saa ya basi.

"Yamekauka?"

"Yamekauka, Mzee."

Akachukua moja, akalipitisha polepole shavuni, mahali ambapo bado anasikia. Kisha akayamwaga yote kwenye beseni la maji moto na sabuni, akaanza upya. Moja moja, na kila lililokauka akalipima shavuni. Basi langu likapita, na la pili pia.

"Atakayezipiga risasi hizi ni mwanangu, Wanjiru."

Nimefanya kazi na manesi wenye vyeti ukutani wasio na makini kama ya huyu mzee. Na mimi je? Asubuhi nilimpangia dawa za wiki nzima huku nikipiga soga na dada yangu kwenye simu.

Nimempigia Mzee simu sasa hivi. Nimemwomba asiguse kile kisanduku cha dawa, kesho alfajiri nakuja kukimwaga chote mezani.

Akacheka. "Usisahau kuja na shavu lako."