Maua Yako Niliyaondoa Mwenyewe

Elia, mwanangu wa pekee,

Damu yako ilioshwa na watu wangu. Nataka ulisikie kwangu, maana ni wewe uliyekuwa ukinitania kwamba mama yako ni bosi wa mapipa. Polisi walipoondoa utepe wao pale kwenye ngazi za maktaba, walipiga simu yadi yetu ya magari ya usafi kama wanavyopiga siku zote, na Papa Kasongo wa kikosi changu akapeleka mashine ya kuoshea kwa maji ya presha. Alianza na maji ya baridi, kwa sababu niliwafundisha wote kwamba damu ikimwagiwa maji ya moto inang'ang'ania. Alikuwa hajajua ni ya nani. Alipoambiwa, alizima mashine, akakaa chini palepale kwenye maji.

Watu wanadhani kuendesha mji ni suti na vikao. Labda ni hivyo kwa wakubwa wa ghorofa ya juu. Kwangu mimi, meneja wa usafi wa mitaa kwenye halmashauri moja ya hapa London, mji ni magodoro yaliyotupwa vichochoroni, matapishi ya Jumamosi, panya wasioogopa mtu, na damu. Unakumbuka nilipokupeleka yadi shule zilipofungwa? Ulikaa kwenye gari la kufagia ukapiga honi mpaka Papa Kasongo akatoka mbio na chai ikimwagikia suruali. Ulicheka hadi ukapata kwikwi. Siku hiyo hukunionea haya.

Unajua pia utaratibu wangu. Kijana akiuawa mitaani kwetu, wenzake hurundika maua, mishumaa, maputo, chupa za pombe kali. Halmashauri huyaacha kwa muda, kisha huyaondoa. Nilipopewa umeneja nikasema hakuna ua litakaloguswa mpaka mtu wa usafi aende kwa mama wa marehemu, akae, anywe atakachopewa, amwombe ruhusa. Wakubwa walinitazama kana kwamba nimetaka kuchinja mbuzi ofisini. Nikawaambia kwetu Morogoro hata viti vya msibani haviondolewi bila kuaga wafiwa. Basi nikawa naenda. Mama mmoja alinitemea mate. Mwingine alinirushia picha ya mwanawe ikiwa kwenye fremu, kona yake ikanichana juu ya jicho. Nilirudi nyumbani na plasta usoni, nikakukuta sebuleni na simu yako.

"Did you see the mum?" ukaniuliza.

"Nimemwona."

"What did she say?"

Nikakutuma ukaoshe vyombo. Ningekwambia nini? Nilidhani nayajua machungu ya wale wanawake kwa kuwa nilikunywa chai yao. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu.

Halafu kulikuwa na ile siku ya mwenye duka la mazulia. Nilimkuta akimwaga taka zake nyuma ya shule ya watoto wadogo, nikamwambia azirudishe garini. Alinipiga ngumi ya mdomo mbele ya wafagiaji wangu. Nilipoingia nyumbani uliniona mdomo umevimba. Ulikwenda jikoni ukachukua mchi wa kinu. Nikasimama mlangoni. Ulikuwa umeshanizidi urefu, na kwa mara ya kwanza nilikuogopa, wewe niliyekubeba mgongoni. Ulipoona sisogei ulipiga ngumi kioo cha mlango. Kikavunjika chote, mkono wako ukachanika mpaka kwenye kiganja.

Nilikuzaba kofi. Kisha nikafunga mkono wako kwa kanga yangu, tukakaa sakafuni juu ya vigae vya vioo.

"So we just do nothing?" ulisema.

"Kesho naenda kazini, na taka zake atazizoa mwenyewe. Hiyo si kufanya kitu?"

"Mum, allow it," ukasema, yaani basi, yaishe. Ndilo lilikuwa neno lako kila ukishindwa na mimi.

Sijui ulichomwa kisu kwa sababu gani. Polisi wana maelezo yao, vijana wana yao. Ninachojua ni kwamba kijana mmoja alikufuata kwenye ngazi zile mchana kweupe, watu wakirudisha vitabu, na alikuchoma hata baada ya wewe kuanguka. Wamemkamata, yuko ndani. Kila mtu ananiambia nishukuru kwa hilo. Mama mdogo wako alikuja kutoka Hounslow akaniambia nimsamehe. Nilimwomba atoke nyumbani kwangu, na alipochelewa kusimama nikamtupia viatu vyake nje kwenye mvua.

Maua yako yalikuwa mengi kuliko niliyowahi kuyaona. Yalipanda ngazi mpaka mlango wa maktaba. Rafiki yako Dami, yule aliyekuwa akila ugali wangu kwa uma, aliwapanga wenzako kuyalinda kwa zamu. Mwanzoni nilimpenda kwa hilo. Kisha vijana wa kundi la aliyekuua wakaja na baiskeli, wakayapiga mateke, wakamwagia petroli picha yako na kuiwasha. Vijana wako wakawapiga kwa chupa zilezile walizokuletea. Binti mmoja mdogo, akitoka kusoma, alikatwa shavu na kipande cha chupa. Wafagiaji wangu walikataa kupita pale bila polisi. Na aliyeongoza wale wa baiskeli alikuwa mdogo wa yule aliyekuua. Dami aliapa mbele ya mishumaa, wote wakisikia, kwamba huyo ndiye atakayelipa.

Mimi nilikuwa likizo ya msiba, naambiwa haya kwa simu. Siku moja kengele ikalia. Papa Kasongo alisimama mlangoni, amevaa koti lake la kanisani. Nilijua amekuja kuomba nini. Niliutunga mwenyewe utaratibu ule, na sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kuutimiza.

Nilimpikia chai. Aliinywa yote, hata machicha.

"Mama Elia," akasema, "sijue niseme nini. Ile maua iko inaita watoto wapigane. Wataua mwingine pale. Tafazali, Mama."

Elia, nilimrushia kikombe. Kilipita karibu na sikio lake kikapasukia ukutani. Nilimtukana yeye na Kongo yake na halmashauri na mji mzima wa London. Nikamwambia akigusa ua moja nitamkata mikono. Alipiga magoti akaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, anavitia kwenye mfuko wa koti la kanisani. Nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamwambia aniletee fulana yangu ya kazi, nitakwenda mwenyewe.

Tulikwenda mchana, shule zikiwa hazijatoka. Gari la taka lilisimama kando, nikavaa glovu. Dami na wenzake walikuwa wamekaa ngazini. Aliponiona na glovu alisimama.

"Auntie, don't touch it."

"Ni ya mwanangu, Dami. Sogea."

"Swear down, Auntie, don't touch it."

Nikainama nikachukua fungu la kwanza. Yalikuwa yameoza chini, yananuka. Alinisukuma begani. Nikaanguka kwenye mishumaa, mkono wangu ukapasuka kwa kioo cha mshumaa. Koti lake lilikuwa limefunguka, na nikaona mpini wa kisu kiunoni. Papa Kasongo alitaka kumrukia, nikamzuia kwa ukali. Niliinuka nikamkamata Dami kola kwa mkono wenye damu, nikamsukuma mpaka mgongo wake ukagonga mlango wa maktaba.

"Nichome," nikamwambia. "Umekuja na kisu, nichome mimi. Au unasubiri mtoto wa mtu apite na baiskeli?"

Alikuwa analia kwa hasira. "He'd have done it for me," akasema.

"Najua angefanya! Kwani sikumwona na mchi mkononi? Ungekuwa wewe uliyekufa na yeye aliyesimama hapa, ningemvunja miguu kabla hajafika."

Hakunipa kisu. Nilikichomoa mwenyewe, na nashukuru hakunishika mkono, maana sijui tungemaliza vipi. Nilikitupa garini pamoja na maua, maputo na kile kilichobaki cha picha yako, nikamwambia dereva awashe mashine ya kubana taka. Umewahi kusikia ile mashine ikibana vioo, wewe ulipenda sana kuisikiliza. Dami aliziba masikio. Mimi sikuziba. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, wengine wakinitukana. Yeye alibaki, ameketi, nami nikaosha ngazi.

Sasa kila jioni namwita aje kula. Siku nyingine anakuja, siku nyingine haji, na akichelewa natoka kumtafuta mitaani na fulana yangu ya kazi nikiita jina lake kama kichaa. Anaona haya wenzake wakimcheka. Na aone. Sijui kama ana kisu kingine. Vinauzwa kama pipi, na mimi ni mmoja. Kazini nimerudi. Kuna malalamiko ya mapipa, kuna mgomo unanukia, kuna soko la barabarani linataka kufagiwa mara mbili kwa siku. Nayashughulikia yote. Nikipita maktaba sitazami ngazi.

Wanauliza kama nimesamehe. Sijasamehe, Elia. Ningempata aliyekuua peke yake chumbani nisingemwachia meno. Lakini yule mdogo wake ana mama, na mama huyo anaishi eneo langu, mtaa ninaosimamia mimi. Nimemwona kwenye duka akichagua nyanya, amekonda. Dami akimuua yule mtoto, maua yatarundikwa, na mimi ndiye nitakayebisha hodi kwa mama yake, nikae, ninywe chai yake, nimwombe. Nimeyaondoa yako ili mama huyo asinione mlangoni kwake.

Hayo ndiyo niliyowaambia watu, na ni kweli. Lililobaki nakwambia wewe tu, uliyetoka tumboni mwangu: kuna asubuhi naamka nikitamani mama huyo anione mlangoni kwake.

Lala, mwanangu. Mimi bado niko zamu.

Mama yako