Mtaro wa Mabwana Watano

Jumamosi, 3 Oktoba 1970
Nimepiga deki tena. Maji ya samaki yameingia mpaka chumbani kwa Mama. Mtaro wa nyuma umeziba, na kila wakiosha soko la Matrah uozo wote unakuja kusimama ukutani kwetu. Chokaa inabanduka. Kitanda cha Mama kiko upande wa pili wa ukuta huo, na miguu yake haimchukui. Harufu imeingia hata kwenye mashuka.

Jumanne, 6 Oktoba
Nimekwenda kwa hao wakubwa wapya wa mji. Wako watano, kila mmoja na idara yake: njia, maji, soko, taka, ushuru. Katika idara yake anaamua mwenyewe, anatenda mwenyewe, na hakuna aliye juu yao. Mafahali wawili hawakai zizi moja, hawa wametiwa watano.

Bwana Soko kasema maji yakishatoka sokoni si yake. Bwana Maji kasema yeye ni wa maji ya kunywa. Bwana Taka kasema maji si taka. Bwana Ushuru kauliza nyumba ni ya nani. Nikaondoka. Bwana Njia hakuwepo, nikamwachia maneno.

Nimerudi nna hasira.

Jumamosi, 10 Oktoba
Bwana Njia kaja. Kautazama ukuta, mtaro hata hakuutupia jicho. Kasema ukuta umeinama, utamwangukia mpita njia. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga: zibua mtaro, ukuta utapona. Kasema mtaro si idara yake, lakini ukuta ulioingia njiani ni wake.

Mpumbavu. Namwombea tumbo la kuendesha.

Jumatatu, 12 Oktoba
Wamekuja asubuhi na masururu. Mama yumo kitandani. Nikatoka mbio, nikamnyooshea mikono Bwana Njia, nnamwomba awazuie.

“Tafadhali, bwana! Tafadhali!”

Akaweka mkono kifuani, akanishukuru, akawaashiria vibarua. Wakapiga. Nami nnazidi kusema tafadhali, nao wanazidi kupiga.

Kwetu neno hilo ni kuomba. Kwa Waarabu ni karibu, haya, endelea. Nnajua! Miaka sita nipo hapa kwa Waarabu, tangu mapinduzi yatukimbize Unguja, dukani nalisikia kila siku. Lakini hofu ilinirudisha kwenye Kiswahili, na mimi kwa mdomo wangu nikawapa ruhusa.

Vumbi lilipotua, ukuta chini, wakawa wanamtazama Mama. Kichwa wazi, kanga moja ya kulalia. Anapapasa cha kujifunikia, hakioni. Nikamlalia juu mpaka wakaondoka.

Alhamisi, 15 Oktoba
Turubai mahali pa ukuta. Upepo unalifunua, mimi nalifunga.

Jumamosi, 17 Oktoba
Leo wamekuja wote watano. Si kwa mtaro. Wanabishana kifusi ni cha nani. Bwana Taka kasema ni cha njia. Bwana Njia kasema yeye huvunja, hazoi. Wamesimama hapo penye turubai, mama yangu nyuma yake, wanapigiana kelele kama wako mnadani.

Nimewamwagia ndoo ya maji ya deki. Nayo hayo watafute ni ya idara gani. Sijuti hata chembe.

Jumatatu, 26 Oktoba
Binamu zangu wa kijiji cha Bawshar wamekuja na mawe. Wamezibua mtaro kwanza. Lilikuwa gunia bovu tu, basi. Kisha wakajenga. Hakuna aliyeuliza idara. Nimewapikia wali wa nazi, nikalia jikoni.

Ijumaa, 30 Oktoba
Ukuta umekauka. Mtaro unapita.

Mchana nimemkuta Mama kajilaza na buibui lake, kajitanda mpaka usoni. Mlango umefungwa, ndani tuko wawili tu, na joto hili. Nikamwambia avue.

“Unguja walituingilia nna kanga,” kasema. “Na hapa vilevile. Wakija tena wanikute nimevaa.”

Nimempepea mpaka kapata usingizi.