Kishikizo cha Besi ya Baba

Maskati

Kaka Shomari,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu Mama ndivyo alivyonilea, na kwa sababu yuko hapo anasikiliza. Usije ukadhani imetoka moyoni. Ya moyoni yanakuja.

Habari za nyumbani, na habari za karakana yako ya Kerege? Nasikia milango inakwenda, vitanda vinakwenda, na makabati ya maharusi ndiyo usiseme. Alhamdulillahi, watoto wako wanakula. Mama, shikamoo kwako pia, na hii ya kwako imetoka moyoni kabisa. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeigawa kwa majirani kama ulivyoigawa ya kwanza? Mimi ni mzima. Joto la huku ni kali lakini kazini kuna viyoyozi, na chakula kipo. Sina la kulalamikia ukimtoa kaka yangu.

Mtauliza kwa nini nimeandika karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu, kaka, unasikiliza peke yako, kisha unawaambia wenzako nimesema lile ulilotaka niseme. Barua hii anaileta mwenzangu wa chumbani anayekuja likizo, na nimemwambia ampe Shangazi Mwanaidi mkononi, asikupe wewe hata ukimwambia unapita njia ileile. Shangazi ataisoma uani, Mama akiwepo na wewe ukiwepo. Shangazi, nakuomba usiruke neno. Ukifika palipo na ukali, usipunguze sauti kwa kumwonea haya.

Jambo lenyewe ni ile video uliyoituma kwenye kundi la familia nilipokueleza kwa simu kwamba gitaa la besi la Baba limeanguka. Umesimama mbele ya karakana, umevaa kofia yako ya Ijumaa, unanyoosha mkono kama unahutubia mkutano. "Besi ya Baba imemkataa," ukasema. "Mimi nilisema tangu mwanzo, chombo kile si cha mtoto wa kike. Kaenda kukiangusha mbele za watu huko Maskati. Na ule mkanda wake wa begani wa kushonewa dukani, mlitegemea nini? Siku ya hitima ya Baba tutakaa tuyamalize. Besi irudi nyumbani, ikae kwangu." Mjomba akaweka kidole gumba. Mama Mdogo akaandika "Allahu yaalam." Yaliyobaki wamemwachia Mama.

Wote tunajua kwamba neno la mwisho ni la Mama. Akisema irudi, nitairudisha, sitabishana naye. Lakini Mama ajue kwamba bendi yetu kila mtu huja na chombo chake. Nikiirudisha besi, nimeirudisha na kazi. Ndiyo maana nataka asikie na upande wangu kabla hajafungua mdomo.

Bendi yetu ni ya wanawake watupu, na ndiyo sababu hatukosi kazi. Kwenye harusi za huku, upande wa wanawake mwanamume haingii hata akiwa fundi wa umeme. Wenyeji wengi wazee wao waliishi Unguja na huko kwetu mrima, Kiswahili chao kinakushinda wewe, na taarabu wanaijua mpaka maneno ya nyimbo za zamani. Siku ile tulikuwa tumeshakolea. Nikamwona bibi mmoja, shangazi wa bwana harusi, anainuka kitini na khanga mpya mkononi, anakuja anacheza polepole. Huku watu wanatunza kwa noti, lakini yule alikuwa wa kizamani. Alikuja kunitunza kwa khanga, kama kwetu, anakuvisha begani, anaifunga fundo kifuani, na wewe huachi kupiga. Mama, si unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi na khanga za watu mabegani, na wewe unamuuliza, "Na hii je, ya nani?"

Bibi akaniinamia sikioni. "Mwanangu, mkono huo umeutoa wapi? Umenirejesha kwetu."

"Nimepewa na baba yangu, bibi," nikamwambia.

"Basi Mungu amrehemu." Akaizungusha khanga juu ya mkanda, akalivuta fundo likaze. Hakulivuta kwa nguvu nyingi, ana nguvu gani bibi wa umri ule? Mkanda ukafyatuka upande wa juu. Besi ikateleza mapajani, nikaidaka kwa vidole, ikanishinda, ikapiga kichwa kwenye sakafu ya marumaru. Wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani ni mbwembwe za bendi! Bibi mwenyewe ndiye aliyejua. Alishika kichwa akilia, "Yarabi, nimeua gitaa la watu!" Nami ndiye niliyelazimika kumbembeleza, huku machozi yangu nikiyameza.

Bi Salha, mkubwa wa bendi, hakunigombeza pale. Alinisubiri tulipokuwa tunakunja nyaya.

"Mwanahamisi," akaniambia, "mie sitaki besi inayolala chini. Ikianguka tena utatupigia makofi, na makofi hayana mshahara."

Sasa nisikilize vizuri, wewe uliyeuponda mkanda. Mkanda alionishonea Bi Kulsum wa duka la vitambaa ulikuwa mzima. Turubai zima, uzi mzima, na ile ngozi ya mwishoni haikuchanika hata kidogo. Kishikizo, yaani kile kidude kinachokaa ubavuni mwa besi na kuushika mkanda, kilikuwa bado kimo ndani ya tundu la ngozi. Kilichong'oka ni kishikizo chenyewe, kimetoka kwenye mbao pamoja na skrubu yake. Nikakigeuza mkononi. Skrubu fupi, ya bawaba ya kabati. Na kishikizo si kile cha shaba. Kilikuwa cha bati jeupe, chenye mdomo mwembamba, kama vile vya magitaa ya kuchezea watoto.

Mama, unavikumbuka vishikizo vya Baba. Vilikuwa viwili. Alichongewa na fundi kutokana na koki kuukuu ya bomba, akataka viwe na mdomo mpana ili ngozi isichomoke, akatia skrubu ndefu zinazoingia mpaka kwenye kiini cha mbao. Kile cha chini bado kipo mahali pake. Cha juu hakipo.

Mtu mmoja tu aliishika besi ile kabla sijasafiri. Ulikuja nyumbani, kaka, na maneno ya asali. "Niachie nikukazie kila kitu, dada. Safari ni ndefu." Nilifurahi! Tangu Baba aliponikabidhi besi mbele yenu nyote, na wewe akakuachia zana zake za useremala, hukuwa umenisemesha vizuri. Nilimwambia Mama, "Kaka amelegea moyo." Ukairudisha imefunikwa shuka, mkanda umeshafungwa, ngozi imekifunika kishikizo. Nami sikuufungua, kwa sababu Baba alitukataza kuuvua mkanda ovyo, tundu la ngozi linalegea. Ulijua sitaufungua. Ulilijua hilo kwa sababu na wewe ni mtoto wake.

Nilipochungulia tundu la mbao ndipo nilipochoka. Ulilijaza unga wa msumeno na gundi ya maji, ukaisokomeza ile skrubu fupi humo humo. Wewe! Fundi mwenye kibao barabarani! Kitanda cha mteja usingekifunga hivyo hata kama hajakulipa. Kiti cha kukalia paka usingekifunga hivyo. Ukaja kukifunga kifua cha besi ya Baba.

Kwa kuwa ufundi umekutoka, nitakufundisha mimi.

Kwanza nilihangaika. Nilifunga kamba toka kichwani kwa besi mpaka kwenye mkanda, kama anayeanza kujifunza. Bi Salha akanitazama akasema, "Umemfunga mbuzi?" Nikaifungua. Lorna, Mfilipino wetu wa kinanda, ana gitaa lake la nyumbani lenye vile vishikizo vya kufuli, unabonyeza kinaingia, unabonyeza kinatoka. Alinipa kimoja kwa moyo mzuri. Vinashika kweli, lakini vinataka mbao iliyo nzima, na tundu langu lilikuwa linabonyea kama mkate. Ni kuweka kufuli jipya kwenye mlango uliooza.

Basi nikalisafisha tundu, nikaukwangua uchafu wako wote mpaka nikaona mbao safi. Nikachukua njiti za kiberiti, nikazikata vichwa, nikazipaka gundi ya mbao, nikazishindilia humo mpaka hazikuingia tena. Nikaiacha ikauke kabisa, sikuwa na haraka kama wewe. Nikatoboa katikati tundu jembamba, nikaingiza skrubu ndefu taratibu kwa bisibisi ya mkono. Kishikizo nilipata cha duka la vyombo vya muziki, si kibaya, ila mdomo wake mdogo. Hapo nikamkumbuka Baba kabla hajapata vile vya shaba, alivyokuwa akiwaharibia watu ndala. Mama, si uliwahi kuamka ukakuta ndala yako ya kuogea ina tundu la mviringo kisiginoni, ukamtafuta nyumba nzima?

Nikazichukua ndala zangu za buluu, zile nilizotoka nazo nyumbani. Nikaweka kifuniko cha soda juu ya kisigino, nikachora, nikakata kwa wembe, nikatoboa katikati kwa msumari wa moto. Ukishavalisha ngozi ya mkanda kwenye kishikizo, unaisukumiza ile duara ya ndala juu yake. Inaingia kwa shida, na kutoka haitoki mpaka uing'oe kwa meno. Waya nao naupitisha nyuma ya mkanda kabla sijauchomeka, ili mtu akiukanyaga asiivute besi. Haya yote Baba alitufundisha sote wawili, kwenye baraza moja. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Shingo ya besi ilipata ufa, nikaipeleka kwa fundi akaiunga, na sauti imerudi. Kwenye harusi iliyofuata nilimwambia Bi Salha mwenyewe auvute mkanda, na ana mikono ya kukunia nazi. Akauvuta, akauvuta tena, akaguna, akasema, "Haya, simama mbele." Nikasimama mbele, ndala moja mguuni na nyingine kifuani kwa besi.

Nisalimieni watu wangu. Mama Mdogo wa Mbegani, mkaanga samaki, mwambieni Mungu anajua kweli lakini na yeye angeniuliza. Mjomba wa Saadani, huyo mwenye kidole gumba, namsalimu pia, na nikija nitataka kamba wakavu wake walewale, waliokauka sawasawa. Bi Kulsum wa duka la vitambaa mwambieni mshono wake umeshika, na atakayesema vinginevyo anamsingizia. Wifi yangu, mke wa Shomari, namsalimu kwa upendo, hili halimhusu na ninamwonea huruma. Wanawe nawabusu. Shangazi Mwanaidi, koo likikauka pumzika unywe maji, umebakiza kidogo tu.

Jambo la mwisho. Hapa soma polepole.

Nilijiuliza sana kile kishikizo cha shaba kimekwenda wapi. Nilidhani umekitupa, au umempa mnunuzi wa vyuma chakavu. Juzi nikaifungua tena video yako. Safari hii nilizima sauti, maana maneno nimeshayachoka, nikakutazama mikono. Unaponyoosha kidole kunisuta, una funguo za karakana kiganjani. Kwenye pete ya funguo, kati ya ufunguo wa kufuli na ule wa pikipiki, kinaning'inia kidude cha shaba chenye mdomo mpana, kimepitishwa pete kwenye tundu lake la katikati. Upande mmoja kina alama ya tupa, pale Baba alipokipunguza ili kikae sawa na mbao. Alama ile nimeishika kwa kidole tangu nina umri wa kufikia besi.

Ulikuwa unawaambia watu Baba amenikataa, na kitu cha Baba umekishika mkononi.

Kama ulitaka kitu chake cha kutembea nacho, ungesema. Ningekitoa mwenyewe, ningekupa na bado ningekushukuru kwa kuniomba, maana najua zana hazikukutosha. Hilo limeniuma kuliko shingo ya besi. Hukuniomba. Ulikichomoa, ukaniwekea skrubu ya kabati, ukanisindikiza mpaka stendi, ukaniombea dua.

Kaka, usiinuke. Mama, mwambie mwanao atoe funguo zake mfukoni aziweke mkekani, hapo mbele yako. Ukishazitazama, ndipo useme besi ya Baba ikae kwa nani.

Ni mimi mwanao, mpiga besi,

Mwanahamisi