Nukta Nyekundu ya Baba

Kaka Darcy,

Huku hatujambo, ila mvua imetusahau. Mbwa wetu Rusty hatunaye tena. Baba alimkanyaga akirudisha gari nyuma.

Jana alasiri alikuwa akiirekebisha darubini yake kwa kuilenga kwenye ghala la ngano la jirani, kama kawaida yake. Mara akafoka, "Nukta ya kulengea haiwaki! Betri gani hizi mnaninunulia?"

Nikachungulia kwenye kilengeo, kile kidude cha betri kilicho juu ya darubini. Nukta ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Nikatoa betri, nikamrudishia kilengeo kitupu.

"Ehe! Sasa naiona," akasema, machozi yakimlengalenga.

Jumamosi anakuja na gari kuwachukua wanao. Usimpe, Kaka. Mimi kumnyang'anya funguo nimeshindwa.

Mdogo wako,
Bronwyn