Sauti Isiyomshtua

8 Februari

Binti yangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Wewe hujambo? Baridi ya huko imekuachia?

Mama yako yuko vilevile. Tangu apooze anameza uji, anafumba macho, hasemi. Nimehamishia cherehani kando ya kitanda chake, nashona huku nampa habari. Jana nilimweleza habari za mteja mmoja aliyenenepa mpaka suruali ikambana, halafu akadai eti nimemwibia kitambaa. Shangazi yako akapita mlangoni, akasema, "Kaka, unaongea na ukuta." Nilicheka, lakini lile neno limenikaa kooni. Wewe kazi yako ni kupima umeme wa vichwa vya watu. Niambie ukweli, mwanangu: kuna mtu mle ndani, au naongea peke yangu?

Ni mimi baba yako.

1 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nashukuru. Mgongo uukande kwa maji ya moto, usijifanye kijana.

Swali lako sitalijibu kwa kubahatisha. Ubongo haunyamazi, Baba, hata mtu akilala. Mtu akifumba macho akatulia, sehemu kubwa ya ubongo huenda kwa mwendo mmoja, na mashine inachora mawimbi makubwa ya taratibu. Fikiria mafundi wengi chumbani, wote wanakanyaga cherehani kwa pamoja. Sasa aingie mgeni. Kila fundi anainua kichwa kwa wakati wake, ule mwendo unavurugika, mawimbi yanakuwa madogo madogo. Hivyo ndivyo tunavyojua kuna jambo limefika ndani.

Mpeleke mama hospitali kubwa. Mpimaji wa pale nilisoma naye, nimeshamwandikia. Atambandika vidude kichwani, haviumi.

Binti yako, Kasuku.

19 Machi

Kasuku,

Salamu. Afya ipo.

Tulikwenda. Asubuhi nilimpaka mama yako mafuta ya nywele, tena mengi, nikamsuka mistari minne iliyopinda, asije akaonekana hana mwenyewe. Mpimaji kugusa tu, vidole vikateleza. "Mzee, kwenye mafuta vidude vyangu havishiki." Wewe mtaalamu ukaniandikia mawimbi yote ya dunia, mafuta ukayasahau! Nikamfumua, nikamwosha mwenyewe kwenye beseni, huku namsimulia habari za yule mteja, na sikunyamaza hata alipolazwa na kubandikwa vidude.

Mpimaji akamwita mama yako, mistari ya mashine ikavurugika palepale. Akapiga makofi, ikavurugika. Moyo wangu ukaruka. Akasema, "Sasa wewe, mzee." Nikamwita, nikamwambia ni mimi. Wapi! Mawimbi yakarudia ule mwendo wa taratibu, kana kwamba hakuna mtu aliyesema. Nikarudia, ikawa ileile. Mpimaji akataka kunieleza kitu, nikamwambia nimeona kwa macho yangu.

Kwa hiyo anawasikia wote isipokuwa mimi. Miaka yote hii nyumba moja, halafu hivi. Nimerudisha cherehani barazani. Uji nampa, namgeuza, namfunika. Maneno yameniishia.

Baba yako.

2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Barua zangu mbili hukuzijibu, na kimya chako kimeninyima usingizi. Tafadhali hii uisome mpaka mwisho.

Mpimaji amenitumia picha za mistari ya mama. Nimezitazama moja moja. Alipolazwa kwenye kile kitanda kigeni, mawimbi yalikuwa yamevurugika, mafundi wote vichwa juu. Kisha kuna mahali mpimaji ameandika pembeni, "mume anaongea." Ni hapo, Baba, ndipo yalipojipanga na kutulia. Mpimaji alipoita, yakavunjika. Ulipoita wewe, yakatulia tena. Mafundi hawainui kichwa kwa mtu wa nyumbani. Wanasikia ni yeye, wanaendelea kukanyaga.

Sitakudanganya. Mashine haisomi maneno, siwezi kuapa kwamba anaelewa habari za suruali. Lakini ukuta hautofautishi mgeni na mume. Sauti yako ndiyo iliyomtuliza, ukamwachia kimya. Rudisha cherehani chumbani, nakuomba.

Mimi hapa nashika vichwa vya watu kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kwetu naitwa Kasuku. Nikirudi chumbani nawasha redio ili pawe na mtu. Naona upweke, Baba. Sijapata huku sauti ambayo siinulii kichwa.

Binti yako.

21 Juni

Kasuku wangu,

Salamu nyingi sana, na unisamehe kwa kimya. Mgongo nimeukanda, umetii.

Barua yako niliisoma peke yangu, nikalia. Kisha nikamsomea mama yako. Cherehani imerudi kando ya kitanda. Shangazi yako ndiye aliyeshika upande wa pili, mdomo kaufunga, ajabu ya mwaka. Nimemwomba mama yako radhi kwa ile miezi niliyomnyima maneno, halafu nikamlipa habari zote: ndoa ya jirani, bei ya uzi, na yule mteja, ambaye sasa amekonda na anasema suruali nimeipanua kusudi.

Nimemwambia pia kwamba una upweke. Mwandikie yeye sasa, kila kitu, nitamsomea sikioni. Na mimi nitakuandikia hata nisipokuwa na habari, ili uwe na sauti ya nyumbani hapo chumbani.

Jana niliongea mpaka koo likakauka. Hakushtuka hata kidogo.

Baba yako.