Kamba Iliyofungwa Mbele ya Seth

Bibi Mshauri, shikamoo.

Sasa hivi Yotham wangu ameshika mdomo wa kinu, akajivuta, akasimama, akaachia mkono mmoja ili anipungie, akaanguka kwa kalio puu! Akanitazama kama anayeuliza nimeona au sikuona, tukacheka wote wawili. Bado hajatembea, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia, nisaidie mama, maana nimebanwa huku na huku.

Mimi ni Ruthu wa hapa Miyuji, nilisoma kidogo shule ya misheni mpaka nikaolewa, unisamehe maandishi. Nilipomzaa Yotham nilitoka damu hata nikawa sijitambui, na bibi yangu aliyenizalisha akasema tumbo hili likishika tena upesi utazikwa nalo, akanifunga kiunoni kamba yenye vijiti vya dawa, akanifunga mbele ya mume wangu Seth na mama yake, maana kwetu kamba ikifungwa mume huhamisha ngozi yake ya kulalia akalale upande wa ndama, mpaka siku mtoto atakapoweza kumpelekea baba yake kibuyu cha maji bila kumwaga. Seth alikubali kwa kinywa chake, akaenda zake Gulwe kwenye kazi ya reli, na mimi moyo ukatulia.

Basi wanawake wakaniona naoga kisimani, habari ikamfikia Mwalimu Methusela anayetusalisha, huyu huyu anayetusomea gazeti lako. Jumapili akanisimamisha mbele ya watu. “Ruthu! Umemvika shetani mshipi!” Watu wakacheka, hata wale ninaojua wamefunga za kwao chini ya kaniki. Akasema kamba niilete ichomwe, la sivyo Yotham habatizwi, na tena mke Mkristo hamhamishi mume, hayo ni mambo ya wapagani wenye wake wawili. Nikamwuliza, “Na nikishika mimba nikafa, Mwalimu?” Akajibu, “Utakuwa umekufa vizuri.”

Loisi, mwenzangu wa darasa, alimtii. Alikata kamba yake, akashika mimba na mtoto mgongoni hajaota meno, akaogopa, na wazee wajuao dawa wote wamefunga midomo kwa kuogopa kamba za kunyongea za Wadachi kule Boma, akachemsha mizizi mwenyewe kwa kubahatisha, akanywa, akafa. Mwalimu akakataa kumzika. Huyo hakufa vizuri, kumbe kuna vipimo.

Sasa Seth anarudi mwezi huu ukiisha, na amenitumia salamu kwa Petro, mwenzake wa reli, kwamba amesikia maneno ya Mwalimu na ameyapenda sana. Lakini Seth si mtu mbaya, Bibi, akielezwa anaelewa, mimi natumaini. Je, nichome kamba, au nimnyime mtoto ubatizo? Sitaki mengi, nataka tu nimwone Yotham akitembea, niwepo, nimshike mko... mama mkwe ananiita, “We Ruthu! Toka, Mwalimu yuko uani na kiberiti!” ngoja nika

*

BI MWANAHARUSI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Barua imenifikia imekatika vivyo hivyo, na aliyeileta hapa mjini ni mama mkwe wako, kwa miguu. Kusoma hajui, lakini alijua ina nini. Ameniambia ulitoka, ukasimama mlangoni, ukamwambia Mwalimu, “Nanyonyesha, njoo siku nyingine.” Nimecheka hadi kahawa ikamwagika.

Sasa nikugombeze. Unadhani wewe unalindwa na vijiti? Vijiti havijawahi kuzuia mimba hata ya mbuzi. Kilichokulinda ni Seth kulala kwa ndama, kisha Gulwe. Ile kamba ni neno la Seth, bibi yako alilifunga mahali ambapo mwanamume hawezi kusema hakuliona. Methusela anafikiri anachoma shetani, na kumbe anachoma ahadi ya mwanamume mwenzake. Alivyo na furaha ya kazi hiyo!

Na mumeo, anayebeba chuma cha reli mchana kutwa, kujibeba mwenyewe ndiko kunakomshinda? Asinichekeshe.

Jina lako sikulificha, makusudi. Ulisimamishwa mbele ya watu, na jibu lisimame mbele ya watu. Najua hapo Miyuji msomaji ni Methusela, maana ndiye mwenye miwani. Haya Mwalimu, umefika hapa, usiruke mstari, Ruthu anajua kusoma. Bibi wa misheni, mke wa Mzungu wenu, ana watoto wawili, wa kwanza ameng'oka meno ya utoto na wa pili bado anabebwa. Mbona yeye hukumwuliza kamba yake ameifunga wapi? Uliposema “kufa vizuri,” tumbo ulilokuwa unalitoa sadaka lilikuwa la nani? Meza mate, uendelee kusoma.

Ruthu, fanya hivi. Kamba mpe aichome, apige chafya na moshi wake, Yotham abatizwe. Siku Seth atakaposhuka, kabla hajavua viatu, mama yake amtandikie ngozi kwa ndama kwa mkono wake. Tumekwisha kupatana naye, anakungoja wewe tu. Kisha Seth aseme tena kwa kinywa chake, mama yake na bibi yako wakisikia. Akikataa, hupigi kelele. Mbebe mtoto, nenda kwa bibi yako jioni hiyo hiyo. Anayenyonyesha akienda kwao haitwi mtoro.

Mizizi usiiguse. Loisi hakuwa na mtu wa kumwambia, wewe unaye. Likikupata la kukupata, njoo kwangu nyuma ya soko kabla hujachemsha chochote, nami sitakuuliza maswali ya Methusela.

Na ile ngozi itarudi ndani siku Yotham atakapovuka ua na kibuyu, na Seth akinywa, ardhi iwe kavu.